Andikeni saa, kisha muishike: barua ya wazi kuhusu shabiki anayesafiri kufuata muziki

Kwa waandaaji wa matamasha ya muziki. Wamiliki na mameneja wa viwanja na kumbi. Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA). Jeshi la Polisi. Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini (LATRA). Shirika la Reli Tanzania (TRC). Na halmashauri za majiji na manispaa.

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu shabiki anayetoka mkoa mwingine kuja kumwona msanii wake. Mnamfahamu kwa sura. Ndiye anayefika uwanjani mchana, jua likiwa bado kali, begi likiwa mgongoni. Ndiye anayeimba mstari kwa mstari mbele ya kamera zenu. Lakini ratiba za matamasha yetu hupangwa kana kwamba kila aliyeingia uwanjani anakaa mtaa wa pili na atarudi kwao kwa bajaji.

Chukueni mtu wa Mbeya anayekuja Dar es Salaam. Barabara ni kama kilomita 830. Kwa viwango vya LATRA vilivyoanza kutumika Desemba 2023, Sh48.47 kwa kilomita kwa basi la daraja la kawaida na Sh67.84 kwa daraja la kati, kwenda tu ni kama Sh40,000 au Sh56,000. Kwenda na kurudi ni kati ya Sh80,000 na Sh112,000, na hapo hajagusa gesti, chakula wala bodaboda. Anayetoka Mwanza, kilomita zipatazo 1,150, anatumia kati ya Sh111,000 na Sh156,000 barabarani. Kiingilio cha kawaida mara nyingi ndicho kidogo kuliko matumizi yote ya safari hiyo. Kwa hiyo mnaposema "tutarudisha kiingilio", mnarudisha sehemu ndogo sana ya alichopoteza.

Fiesta, na baadaye Wasafi Festival, zimefanya kazi kubwa ya kuwafuata watu mikoani, na tunalisema hilo kwa shukrani. Hata hivyo mzunguko wa mikoa haufiki kila mahali. Mtu wa Mpanda atakwenda Mbeya au Tabora, wa Bukoba atakwenda Mwanza, wa Newala atashuka Mtwara. Na zipo shoo za mji mmoja tu: uzinduzi wa albamu, usiku wa bendi kamili Mlimani City, mgeni kutoka Kinshasa au Lagos. Huko hakuna njia ila kupanda basi.

Ombi letu la kwanza, ambalo linabeba karibu mengine yote, ni saa. Andikeni kwenye bango saa ambayo msanii mkuu atapanda jukwaani na saa ambayo shoo itafungwa. Kisha muishike.

Mabango mengi yana saa moja tu, nayo ni ya milango: "kuanzia saa 12 jioni mpaka che". Mwenyeji wa Kinondoni anajua namna ya kuisoma. Anatoka kwake saa 5 usiku. Mgeni anaisoma kama ilivyoandikwa. Anashuka Mbezi Luis kwenye Kituo cha Magufuli, anaunganisha daladala na mwendokasi, saa 11 jioni yuko getini. Msanii akipanda saa 8 usiku, mgeni huyu amesimama kwa muda wa saa tisa. Simu imezima, hajui chakula kinauzwa wapi, na basi lake la alfajiri halitamngoja. Wengine huondoka bila kumwona msanii waliyemfuata, kwa sababu tiketi ya kurudi imeshakatwa na kesho ni siku ya kazi.

Tunajua kwa nini saa zinateleza, maana miongoni mwetu wapo mafundi waliofunga spika na kuvuta nyaya katika majukwaa haya. Sababu kubwa ni fedha. Msanii mkubwa hulipwa kwa awamu: sehemu anaposaini, salio kabla hajapanda. Mwandaaji anayetegemea salio hilo litoke getini hana la kufanya ila kungoja geti lijae. Saa 3 hela haijatimia, saa 5 bado, msanii yuko hotelini na meneja wake hapokei simu, MC anaambiwa avute muda. Uwanjani watu wanasema msanii anaringa, kumbe kinachongojwa ni salio. Dawa ya jambo hili wanayo watoa vibali. Kibali kitolewe pale mwandaaji anapoonyesha kwamba malipo ya wasanii wote waliotajwa kwenye bango yameshawekwa benki, na kwamba mikataba yao imesainiwa. Hapo hakuna atakayengoja foleni iongezeke ili shoo ianze.

Sababu ya pili ni wingi wa wasanii wa kufungua. Orodha ya vijana 14, kila mmoja dakika 10, kwenye karatasi ni saa 2 na dakika 20. Ila hakuna anayetumia dakika 10. Kuna kuitwa, kupanda na wacheza shoo, maiki isiyowaka, salamu kwa mtaa wake, na wimbo mmoja wa nyongeza. Wote wakitumia dakika 15 inakuwa saa 3 na nusu, na msanii mkuu ameshasogea dakika 70 kabla hata hajavaa. Tunawapenda hao vijana na tunataka wapate jukwaa. Basi wawe saba, kila mmoja dakika 15 halali, na awepo msimamizi wa jukwaa mwenye saa mkononi na mamlaka ya kukata sauti. Mgeni rasmi naye apewe dakika zake kwenye ratiba hiyohiyo.

Sababu ya tatu ni mitambo, na hapa tungependa mwandaaji asikilize kwa makini, kwa sababu ndipo pesa kidogo inapookoa usiku mzima. Jukwaa kubwa linahitaji siku nzima kabla ya siku ya shoo: asubuhi kusimamisha vyuma, mchana kuning'iniza spika na taa, jioni kuwasha jenereta na kupima umeme. Siku ya shoo inabaki kwa saundi cheki. Saundi cheki huenda kinyume cha ratiba ya usiku: msanii mkuu anajaribu kwanza, anayefungua anajaribu mwisho, ili vyombo vya anayefungua vibaki vimeshapangwa. Ikianza saa 3 asubuhi, saa 8 mchana imekwisha. Lakini lori la vifaa likichelewa kutoka kwenye shughuli ya jana na saundi cheki ikaanza saa 9 alasiri, milango haifunguliwi, foleni inajaa mpaka barabarani, na usiku mzima unakimbizana na yale masaa yaliyopotea.

Kwa wanaoimba kwa CD, kubadilishana ni suala la maiki na dakika chache. Kwa bendi laivu ni habari nyingine. Kuondoa bendi moja na kupanga nyingine bila maandalizi ni dakika 30 hadi 40. Bendi zote zikitumia seti moja ya ngoma na ampli zilezile, na kila maiki ikiwa na namba yake kwenye karatasi ya fundi sauti, dakika 15 zinatosha. Jenereta ziwe mbili, zimejazwa mafuta ya usiku kucha kabla milango haijafunguliwa. Mikseri ya kidijitali iwe na UPS yake, yaani betri ya akiba, kwa sababu umeme ukikatika kwa sekunde moja mikseri hiyo inajizima na inachukua dakika kadhaa kuamka, na dakika za ukimya mbele ya umati ndizo chupa zinaporuka.

Swala nayo ipangiwe nafasi yake. Magharibi huingia muda ambao shoo nyingi zinataka kupamba moto, kisha MC anakatiza wimbo kwa sababu adhana imesikika. Ni rahisi kuipangia mapema: weka hapo mabadiliko marefu ya jukwaa. Mpange kwa jua la mji husika, maana Kigoma jua huzama nusu saa na zaidi baada ya Dar es Salaam, na ratiba iliyonakiliwa kutoka Dar itakosea.

Waandaaji wana jibu moja ambalo tumelisikia mara nyingi: watu wa hapa hawaji kabla ya saa 4 usiku, nianze nimwimbie nani? Wanachelewa kwa sababu wamejifunza kwamba hakuna kinachoanza. Mwandaaji anawangoja wao, wao wanamngoja yeye, na anayelipia mchezo huo ni yule aliyefika mapema kwa kuwa basi lake limefika mapema. Lazima mmoja aanze kuvunja mzunguko, naye ni mwenye jukwaa. Shoo mbili tatu zikianza kwa saa iliyoandikwa, mtaa mzima utajua. Watakaokosa nyimbo mbili za mwanzo leo, kesho watawahi.

Bango tunaloliomba liwe na maneno haya, kwa herufi zinazosomeka kwenye simu: milango saa 8 mchana, wasanii wa kufungua saa 10 jioni, mapumziko ya Magharibi, msanii mkuu saa 2 usiku, mwisho saa 4 usiku, bendi laivu au CD, orodha ya vitu visivyoruhusiwa, mahali pa kuacha mizigo, namna ya kurudishiwa fedha. Saa 4 usiku tumeichagua kwa sababu. Wakati huo daladala bado zipo barabarani, gesti bado zinafungua mlango, na mabasi ya usiku bado yanaondoka. Tangu Oktoba 2023 mabasi ya mikoani yameruhusiwa kutembea saa 24. Ruhusa hiyo ilikuwa faraja kubwa kwetu, lakini haina faida kwa shabiki anayetolewa uwanjani saa 10 alfajiri akiwa hana usafiri wa kumfikisha stendi.

Andikeni pia tarehe kwa ukamilifu. Shoo inayovuka saa 6 usiku wa Jumamosi imeshaingia Jumapili, na tiketi za mtandaoni za mabasi hutumia saa za kizungu. Mtu anakata tiketi ya "00:30 Jumamosi" akidhani ni baada ya shoo, kumbe basi hilo limeshaondoka karibu siku nzima kabla msanii hajapanda. Sentensi moja kwenye tangazo, "shoo inamalizika Jumamosi saa 22:00, yaani saa 4 usiku", inaziba tundu hilo.

Sasa mageti. Mwongozo wa usalama wa viwanja unaotumika Uingereza unaweka ukomo wa watu 660 kwa saa kwa kila geti la kuzunguka. Huo ni ukomo wa mtu mwenye tiketi mkononi, bila kupekuliwa. Kwa mageti manne, watu 10,000 watahitaji karibu saa 4. Ongezeni upekuzi wa sekunde 12 kwa kila mtu na kila mstari unashuka hadi watu 300 kwa saa. Mageti manne yaleyale sasa yanahitaji zaidi ya saa 8. Hesabu hii haibembelezeki. Mkitaka watu 10,000 waingie kwa saa 3 pamoja na upekuzi, mnahitaji mistari 12, wanawake wakiwa na mistari yao na askari wa kike wa kutosha. Kama mnayo minne, fungueni mapema au uzeni tiketi chache. Msanii akianza kuimba huku maelfu wakiwa bado nje, watu wa nje wanasikia wimbo wanaoupenda na wanasukuma. Hapo ndipo watu huumia, na chanzo chake kilikuwa kwenye ratiba ya mchana.

Kuhusu tiketi za simu: umati mkubwa ukikusanyika mahali pamoja, mtandao unazidiwa. Mtu hawezi kufungua ujumbe wenye msimbo wa QR wala kulipia kwa simu, na mashine ya mkaguzi inayotegemea intaneti nayo inaganda. Mashine za getini ziwe na nakala ya orodha yote ya tiketi ndani yake na zisomane zenyewe kwa mtandao wa ndani wa uwanja. Tiketi iwe na jina, kwa sababu picha ya msimbo mmoja huuzwa kwa watu kumi, na anayefika kwanza ndiye anayeingia. Mgeni aliyeuziwa nakala na mlanguzi nje ya stendi ndiye mara nyingi anayebaki nje. Kwenye mpira, Uwanja wa Benjamin Mkapa umeshazoea N-Card, kadi ya kielektroniki ya kuingilia uwanjani. Uzoefu huo uko nchini tayari. Muziki uuchukue, na makosa yake yarekebishwe pale yanapoonekana.

Halafu mnazuia powerbank. Tunaelewa hofu ya kurushwa vitu. Lakini tiketi iko kwenye simu, hela iko kwenye simu, tiketi ya basi iko kwenye simu, na mwenye simu yuko njiani tangu jana. Ruhusuni powerbank ndogo inayoenea kiganjani, au wekeni meza ya kuchajia yenye namba na mlinzi. Na mizigo: mtu wa Mbeya hana nyumbani pa kuacha begi. Mkilikataa getini, analificha kwenye vibanda vya mama lishe au analitupa. Kontena moja, vitambulisho vya namba pande mbili, kimoja kwenye begi na kimoja kwa mwenyewe, watu wanne wa kuhudumia, na Sh1,000 au Sh2,000 kwa begi. Huduma hiyo inajilipia yenyewe. Ibaki wazi saa moja baada ya shoo.

Kutoka kuna hesabu yake, na ndiyo tunayoiogopa zaidi. Mwongozo uleule unakadiria watu 82 kwa dakika kwa kila mita moja ya upana kwenye ardhi tambarare, na unataka eneo liwe tupu ndani ya dakika 8. Geti la mita 3 linapitisha watu 246 kwa dakika. Mkiacha geti hilo moja wazi kwa watu 10,000, wa mwisho anatoka baada ya dakika 40. Ili muwe ndani ya dakika 8 mnahitaji zaidi ya mita 15, maana yake mageti sita ya namna hiyo, yote yakiwa wazi kabla wimbo wa mwisho haujaisha. Katika viwanja vingi mageti hayo yapo, yamejengwa, ila yamefungwa kwa kufuli ili kuzuia wasiolipa. Kila geti liwe na mtu mwenye ufunguo aliyesimama palepale tangu mwanzo mpaka mwisho. Ufunguo usiwe mfukoni mwa mtu aliye VIP.

Haya tunayaandika kwa uchungu kwa sababu yameshaua. Oktoba 2008, sikukuu ya Idi, watoto wapatao 20 walikufa Tabora ndani ya ukumbi wa disko uliojazwa kupita uwezo wake. Oktoba 2022 watu 11 walikufa Kinshasa, Stade des Martyrs, kwenye shoo ya Fally Ipupa. Katika msongamano mtu anaweza kufa akiwa wima, kifua kimebanwa hadi hakiwezi kupanuka kuvuta pumzi. Watu wakifika watano kwa mita moja ya mraba mbele ya jukwaa, MC asimamishe shoo na awaombe wa nyuma warudi hatua tano. Uzio wa mbele ugawanye eneo kwa vipande na uache njia ya kuwatolea waliozimia. Uwezo wa uwanja uandikwe kwenye kibali, na askari wa zamu ajue namba hiyo kwa kichwa. Kumbukeni pia kwamba mgeni hajui uwanja: hajui geti la nyuma, hajui choo kiko upande gani, na taa zikizimika atakimbilia alikoingilia. Mishale mikubwa yenye taa ya betri ni kwa ajili yake.

Kwa LATRA na Polisi wa Usalama Barabarani tuna jambo moja zito: dereva wa gari la kukodi. Vikundi vya mashabiki hukodi Coaster au Noah kutoka Morogoro, Tanga, Iringa. Wanaondoka asubuhi, dereva anaingia nao uwanjani, halafu saa 10 alfajiri anashika usukani akiwa hajalala kwa saa 20 na zaidi. Basi la safari inayozidi saa 8 linatakiwa kuwa na madereva wawili. Gari la kukodi mara nyingi lina mmoja, na ndilo linalotembea saa mbaya kuliko zote. Tunaomba ukaguzi ufanyike kwenye maegesho ya uwanja kabla ya kuondoka, mahali ambapo bado kuna nafasi ya kumzuia mtu. Dereva aulizwe amelala wapi, kibali cha kukodi kionekane, abiria wahesabiwe. Waandaaji watenge maegesho ya magari ya mikoani yenye kivuli, maji na mahali pa dereva kulala mchana na jioni. Nanyi mashabiki wenzetu mnaokodi: tafuteni gari lenye madereva wawili, au lipeni gesti mrudi saa 3 asubuhi.

LATRA pia inaweza kutoa vibali vya muda kwa mabasi ya ziada usiku wa tamasha kubwa, yakipakia karibu na uwanja kwa nauli iliyobandikwa mlangoni. Wapiga debe wanajua tarehe za shoo kuliko mtu yeyote, na kiti cha Sh40,000 hugeuka Sh60,000 asubuhi ya kurudi.

Kwa TRC, tunashukuru. Treni ya SGR ilipoanza kwenda Morogoro Juni 2024 na Dodoma Julai 2024, kwa nauli ya Sh31,000 daraja la kawaida hadi Dodoma, mambo yalibadilika: Dodoma sasa ni safari ya chini ya saa 4, mtu anaweza kutoka mchana na kuiwahi shoo ya jioni. Tunaomba siku za matamasha makubwa iwepo treni ya usiku inayoondoka angalau saa moja na nusu baada ya muda wa kufunga shoo, na itangazwe pamoja na bango. Mkae meza moja na mwandaaji, muuze tiketi mbili kwa malipo mamoja. Na wasafiri wakumbushwe kwenye tiketi hiyohiyo kubeba kitambulisho na kufika stesheni mapema, kwa sababu aliyetoka uwanjani akikimbia atakuta kaunta imefungwa.

Kuahirisha na kufuta. Mvua za vuli huanguka katikati ya msimu wa matamasha, na viwanja vyetu vingi ni vya wazi. Hakuna wa kulaumiwa kwa mvua. Lakini uamuzi uwe na saa ya mwisho: saa 48 kabla ya milango, isipokuwa kwa janga. Mtu wa Sumbawanga anaondoka siku moja kabla. Anayetoka Nairobi kupitia Namanga au Mombasa kupitia Horohoro ameshagonga muhuri. Tangazo la "tumeahirisha" linalotoka saa 6 mchana wa siku yenyewe linawakuta wote barabarani. Tarehe mpya ikitajwa, mwenye tiketi achague: abaki nayo au arudishiwe. Fedha irudi kwenye namba ileile ya simu iliyolipia, ndani ya siku saba, bila kumtaka aje ofisini na tiketi. Ofisi iko Dar na yeye yuko Songea. Msanii mkuu asipotokea, hiyo ni sawa na kufutwa, hata kama wengine wote wameimba. Na picha ya msanii isiwekwe kwenye bango kabla hajasaini. Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza kumpotosha mlaji. Tume ya Ushindani ilitazame bango la tamasha kama inavyotazama lebo ya bidhaa.

Wapo wanaoyafanya haya kwetu hapahapa. Sauti za Busara, inayofanyika Zanzibar karibu kila Februari tangu 2004 kwa muziki wa laivu, hutoa ratiba yenye jina la msanii, jukwaa na saa. Tarehe hujulikana mapema kiasi cha mtu kuweka akiba. Ilipokosa fedha za mwaka 2016, ilitangaza miezi kadhaa kabla kwamba tamasha halitakuwepo. Watu waliumia moyo, lakini hakuna aliyekuta Ngome Kongwe pamefungwa huku tiketi ya boti iko mfukoni. Kila anayevuka kutoka Dar anajua atalala, na anajipanga: kitambulisho cha nauli ya mkazi, chumba, boti ya asubuhi. Tunaomba utaratibu huohuo kwenye viwanja vya Kirumba, Sokoine, Sheikh Amri Abeid, Jamhuri na Nangwanda Sijaona.

Mwenye kiti cha magurudumu atengewe sehemu iliyoinuliwa na njia isiyo na ngazi, itajwe kwenye bango. Maji ya kunywa yauzwe kwa bei ya kawaida, na bomba moja liwe la bure. Vyoo viwe na taa na maji hadi mwisho, na wanawake wapate zaidi ya nusu yake.

Mabango ya Desemba yatachapwa wakati wowote kuanzia sasa. Tunaomba kila mwandaaji, kabla ya kulituma kiwandani, aweke saa mbili tulizoziomba, ya msanii mkuu na ya kufunga. Na kila mtoa kibali akatae bango lisilo nazo. Mafundi na madereva waliomo miongoni mwetu wako tayari kukaa nanyi kupanga ratiba ya jukwaa, mistari ya mageti na maegesho ya magari ya mikoani, katika mji wowote mtakaotuita.

Wenu katika muziki,

Mashabiki wanaosafiri, pamoja na mafundi mitambo na madereva wanaowasafirisha